Umetolewa mtoto wa jicho: kinacholilinda jicho, na woga wa kurithi

Mzee akirudi nyumbani kutoka hospitali ya macho, makatazo humpokea kabla hajavua viatu. Asiiname. Asisujudu. Asilie hata akifiwa. Asile pweza wala pilipili, asitazame televisheni, asinyanyue hata birika. Kila jirani anayekuja kumjulia hali huongeza la kwake, na ushahidi anao: shangazi wa fulani aliinama kuokota ufunguo, jicho likaishia hapo. Muda huohuo chupa ya dawa ya matone imewekwa dirishani juani, kifuniko chake hakijulikani kilipo, na anayemtia mzee matone ndiyo kwanza ametoka kuchambua dagaa.

Si kwamba familia zetu ni wavivu wa kuuguza. Shida ni kwamba bidii kubwa inatumika kupambana na adui wa zamani, huku wa sasa akipita bila kuulizwa. Ili kujua lipi la kufuata na lipi la kuacha, inabidi kwanza kuelewa ni nini hasa kilichofanyika ndani ya jicho.

Kidonda kilivyo

Mtoto wa jicho si utando unaoota juu ya jicho, ingawa wengi huamini kwamba daktari hukwangua kitu. Ni lenzi yenyewe ya jicho iliyopoteza uwazi wake. Lenzi hiyo iko nyuma ya mboni, ndani ya kifuko chembamba sana. Umri mkubwa, kisukari, jeraha, au matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe, huifanya iwe na ukungu, hadi mwanga ushindwe kupita. Daktari hufungua kifuko kwa mbele, hutoa lenzi iliyoharibika, kisha huweka ya plastiki ndani ya kifuko kilekile. Aliyeanzisha kuweka lenzi bandia ni daktari Harold Ridley, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, Novemba 1949. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita, vilivyowaingia marubani machoni, vilikaa humo bila jicho kuvikataa.

Huku Afrika lenzi hizo zilichelewa kuenea. Hadi miaka ya 1990 wagonjwa wengi walitolewa lenzi bila kuwekewa nyingine, wakapewa miwani mizito iliyoyafanya macho yao yaonekane makubwa kuliko uso. Ukiwa na umri wa kutosha, utamkumbuka mzee mmoja wa namna hiyo mtaani kwenu.

Upasuaji wa enzi hizo ulikuwa mzito. Ili kuitoa lenzi nzima pamoja na kifuko chake, daktari alifungua karibu nusu ya mzingo wa konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Kidonda cha milimita zaidi ya 10 kilishonwa kwa nyuzi kadhaa, na zamani zaidi, kabla nyuzi nyembamba hazijapatikana, hakikushonwa kabisa. Mgonjwa alilazwa chali kwa siku nyingi, kichwa kikiwa kimekingwa kwa mifuko ya mchanga kisitikisike. Akikohoa kwa nguvu, kilichomo ndani ya jicho kiliweza kutoka nje.

Na hofu hiyo ni ya kale kuliko hospitali zenyewe. Vitabu vya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, vimehifadhi kisa cha Ibn Abbas, sahaba na binamu yake Mtume, aliyepofuka uzeeni. Alijiwa na mtu aliyedai angeweza kumtibu macho iwapo angevumilia siku saba akiswali kwa kulala chali. Ibn Abbas akawauliza Bi Aisha, Abu Huraira na masahaba wengine. Wakamjibu kwa swali: ukifa ndani ya siku hizo, swala yako utaifanyaje? Akayaacha matibabu. Wanachuoni wengi waliokuja baadaye walimruhusu mgonjwa kuswali hivyo akishauriwa na tabibu anayeaminika, lakini kisa chenyewe kinaonyesha jinsi mwiko wa kuinama ulivyo na mizizi mirefu. Haukutungwa na majirani.

Leo kidonda ni kingine kabisa. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, na hasa kwenye kambi za macho zinazozunguka wilayani, njia inayotumika zaidi ni ya mkono: daktari huchonga njia nyembamba ya mshazari yenye upana wa milimita 6 hadi 7 kupitia sehemu nyeupe ya jicho, akaitoa lenzi kupitia hapo, mara nyingi bila kushona hata uzi mmoja. Penye mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo huivunjavunja lenzi na kuinyonya, tundu huwa la milimita 2 hadi 3 tu.

Kinachowashangaza watu ni hilo la kutoshonwa. Kidonda kinafungwaje? Siri iko kwenye ule mshazari. Ni kama mlango unaofungukia ndani: aliye ndani akiusukuma, ndivyo unavyozidi kubana kwenye fremu. Presha ya kawaida ya jicho husukuma mdomo wa ndani wa kidonda ukajibana wenyewe, kisha nyama hujishika polepole kwa wiki kadhaa. Lakini mlango huohuo, aliye nje akiusukuma, unafunguka. Ndiyo sababu kidole kinachosugua jicho ni cha hatari kuliko mgongo unaoinama. Ukilikandamiza jicho kutoka nje, kidonda hupanuka kidogo. Ukiachia, presha ya ndani huwa imeshuka, na machozi yaliyo juu ya jicho, pamoja na vijidudu vyake, yanaweza kunyonywa yakaingia ndani.

Kutokana na hilo tu, makatazo mengi unaweza kuyapima mwenyewe. Kuokota ufunguo mara moja hakufungui kidonda kilichotengenezwa vizuri. Kubeba gunia la mkaa, kusukuma baiskeli yenye mzigo, kulima, au kujikamua chooni kwa dakika nzima ni habari nyingine: presha hupanda sana na kwa muda, na jicho la wiki ya kwanza halihitaji mtihani huo. Kikohozi kitibiwe mapema. Aliyefunga choo apewe maji, matunda na mboga za majani, na aombe dawa kama havitoshi. Kulia msibani hakudhuru kitu, kwa kuwa machozi ni ya jicho lenyewe; kinachodhuru ni ile leso au ncha ya kanga ya kufutia machozi, inayopita juu ya jicho mara kumi. Pweza na pilipili hawana kesi, mradi mtu asilipeleke jichoni kidole alichomenyea pilipili. Televisheni na simu huchosha macho, haziharibu lenzi wala kidonda. Na swali ambalo wengi huona haya kumuuliza daktari, la tendo la ndoa: kusubiri siku chache hadi jicho litulie kunatosha kwa wengi.

Kuna wasiohusika na ulegevu huu. Ikiwa daktari alisema kifuko kilichanika, au alishona nyuzi, au jicho lina presha au tatizo la retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, maagizo yake juu ya kuinama na kulala yafuatwe kama yalivyo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeliona jicho hilo kutoka ndani.

Maji, wudhu na sijida

Swali hili hujirudia sana, na jibu la haraka la "usiguse maji" halimsaidii mtu anayeswali mara tano kwa siku.

Hatari ya maji si kulowa. Maji ya bomba, ya kisima, ya mtaroni na ya bahari yote hubeba vijidudu, baadhi yao wakali sana kwa jicho lenye mlango mpya. Kwa wiki mbili za mwanzo, au muda ambao daktari ametaja, maji hayo yasiingie jichoni. Kuoga mwili kunaruhusiwa tangu mwanzo, kuanzia shingoni kwenda chini. Nywele zioshwe na mtu mwingine, mgonjwa akiwa ameegemeza kichwa kwa nyuma, ili maji na sabuni vikimbie upande wa kisogo. Kwa wudhu, wengi hupaka maji sehemu nyingine za uso kwa uangalifu na kupangusa karibu na jicho kwa mkono wenye unyevu. Hukumu ya kupangusa juu ya bandeji na ya kutayamamu, yaani kutumia udongo badala ya maji, iko wazi katika fiqhi, na shehe wa mtaa wako anaijua vizuri kuliko mwandishi wa makala.

Sijida ni fupi na haina nguvu ya gunia, lakini paji la uso linapogusa chini, jicho halipo mbali na mkeka, vumbi lake na nyuzi zake. Hospitali nyingi huwaambia wagonjwa waswali wakiwa wamekaa kwenye kiti, wakiashiria kwa kichwa, kwa wiki ya kwanza au mbili. Hiyo ni tahadhari ya busara na ruhusa yake ipo. Ila mzee aliyejisahau akasujudu siku ya nne asikeshe akililia jicho lake. Alitazame tu, dalili za kutazama nitazitaja.

Ukipasuliwa karibu na Ramadhani, usiache matone kwa kuogopa kufungua. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kinachotiwa jichoni hakibatilishi saumu hata ladha yake ikifika kooni, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jedda mwaka 1997 liliyaweka matone ya macho miongoni mwa vitu visivyofunguza.

Bahari iko peke yake. Mvuvi, na mama anayelima mwani Zanzibar, hushinda kwenye maji yenye chumvi na mchanga, upepo ukiyarusha usoni. Hao wajipange kukaa nchi kavu karibu mwezi mzima, na jambo hili lisemwe kabla ya upasuaji, ili tarehe ichaguliwe wakati ambao njaa haitamrudisha mtu majini mapema.

Matone, ambayo ndiyo kazi yenyewe

Adui wa sasa ni maambukizi ndani ya jicho. Huwapata wachache mno, takriban mgonjwa mmoja kwa kila 1,000 au pungufu penye taratibu nzuri, lakini yakitokea jicho linaweza kupotea ndani ya siku mbili tatu. Vijidudu vinavyoyasababisha, mara nyingi, havitoki mbali: vinaishi kwenye kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana kabla ya kupasua, jicho husafishwa kwa dawa ya kahawia yenye iodini. Ndiyo maana pia madaktari wengi humalizia kwa kuingiza antibaiotiki ndani ya jicho. Utafiti mkubwa wa nchi za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa hatua hiyo hupunguza maambukizi karibu mara tano. Hadi hapo hospitali imefanya yake. Zinazobaki ni wiki nne za nyumbani.

Kwa kawaida mgonjwa hupewa dawa za aina mbili, wakati mwingine zikiwa kwenye chupa moja. Ya kwanza ni antibaiotiki, kama kloramfenikoli au moksifloksasini, ya wiki moja au mbili. Ya pili ni steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni, ya kutuliza uvimbe, ambayo mara nyingi huendelea kwa wiki nne ikipunguzwa hatua kwa hatua: mara nne kwa siku, kisha tatu, mbili, moja. Ratiba iliyoandikwa kwenye cheti chako ndiyo inayokuhusu, hata ikitofautiana na ya jirani aliyepasuliwa siku ileile. Mwenye kisukari huweza kuongezewa ya tatu ya kuzuia retina isivimbe.

Kosa la kwanza la nyumbani ni kuacha steroidi mapema. Siku ya tatu mzee anasoma saa ya ukutani, anasema nimepona, chupa inasahaulika. Jicho kwa nje ni zuri, lakini ndani bado linapoa. Dawa ikikatwa ghafla, uvimbe unaweza kurudi, na jicho likawa jekundu na kuogopa mwanga. Kwa wengine, wiki nne hadi sita baada ya upasuaji, kitovu cha retina huvimba na maandishi yakaanza kupinda. Inavunja moyo kuona mtu aliyeona vizuri mwezi wa kwanza akiona vibaya wa pili.

Kosa la pili ni namna ya kutia. Nawa mikono kwa sabuni. Mgonjwa alale au akae kichwa kikiwa kimeegemezwa nyuma. Kama dawa ni nyeupe yenye machicha, itikise kwanza, la sivyo utamtilia maji matupu na dawa ibaki chini. Vuta kope la chini kwa kidole, ukikibana kidole kwenye mfupa wa shavu na wala si juu ya jicho. Mwambie atazame juu, udondoshe tone moja bila mdomo wa chupa kugusa kope wala jicho. Afumbe macho taratibu, bila kuyakaza, na abonyeze polepole kona ya ndani kando ya pua kwa dakika moja au mbili. Hapo pana kimfereji kinachopeleka machozi puani. Ukikiziba, dawa inabaki jichoni badala ya kushuka kooni na kuacha uchungu mdomoni.

Tone moja linatosha, hata ukiambiwa vipi. Mfuko wa kope la chini unabeba maji kidogo kuliko tone moja la chupa, hivyo la pili huishia shavuni na kuosha la kwanza. Ukiwa na dawa mbili, subiri dakika tano kati yake.

Kwa mzee anayetetemeka au anayefumba jicho kila akiona chupa, kuna njia ambayo wauguzi huitumia sana: alale chali akiwa amefumba macho, udondoshe tone kwenye kona ya ndani, kisha afumbue. Dawa huteleza yenyewe ikaingia. Na kwa asiyesoma, mara nne kwa siku zifungwe kwenye mambo yasiyosahaulika, kama alfajiri, adhuhuri, magharibi na kabla ya kulala.

Macho yakiamka na tongotongo, usiyakwangue kwa kucha. Chemsha maji, yaache yapoe, chovya pamba safi, futa kope zilizofumbwa kutoka upande wa pua kwenda nje mara moja, tupa pamba hiyo, chukua nyingine.

Chupa ikae mahali pa baridi penye kivuli, na baada ya siku 28 tangu ifunguliwe itupwe hata ikiwa imebaki nusu. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu katika nyumba nyingi chupa hiyo hugeuka dawa ya ukoo. Mtoto akiamka na jicho jekundu anatiwa. Jirani akiingiwa na kipande cha muwa anatiwa. Steroidi huondoa wekundu haraka, ndiyo maana inasifiwa, lakini kwenye jicho lenye kidonda cha fangasi au cha virusi huizimisha kinga ya mwili huku kidonda kikiendelea kula konea. Na anayeitumia miezi kwa miezi bila kupimwa anaweza kupandishwa presha ya macho kimyakimya na, la kushangaza, kuota mtoto wa jicho.

Maji ya majani, maziwa ya mama, asali, mkojo: vyote hivi hutiwa machoni huku kwetu, na madaktari wa macho hukutana na matokeo yake. Kwenye jicho lenye kidonda cha upasuaji hakuna hata kimoja kinachofaa. Wanja nao ungoje mwezi upite, kisha ununuliwe mpya.

Siku za mwanzo zinavyokuwa

Siku ya kwanza bandeji huondolewa na muuguzi, na wapo wanaoona vizuri papo hapo wakaanza kucheka. Wengine huona ukungu, hasa ambao mtoto wa jicho alikuwa amekomaa na kuwa mgumu, kwa sababu konea huvimba kutokana na kazi iliyofanyika ndani. Ukungu huo hupungua kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki au zaidi. Kukwaruza kama mchanga, machozi, mwanga kuumiza na doa la damu kwenye sehemu nyeupe ni mambo ya kawaida. Doa la damu hujifuta lenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Rangi nazo huwashangaza watu. Kanzu iliyodhaniwa ya rangi ya maziwa inaonekana nyeupe pe, na bluu inang'aa kupita kiasi, kwa sababu lenzi ya zamani ilikuwa imegeuka njano na kuichuja bluu kwa miaka.

Kipimo kikubwa ni mwelekeo: jicho linalopona huwa zuri leo kuliko jana. Kila asubuhi mgonjwa afunike jicho lisilopasuliwa kwa kiganja, bila kukandamiza, atazame kitu kilekile, tuseme kalenda ya ukutani. Bila kulifunika jicho la pili, hatagundua kuwa lililopasuliwa linafifia, kwa kuwa lile jingine linambeba.

Akiona mwelekeo umegeuka, aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaoongezeka, usaha, na kuona kunakorudi nyuma ni dalili za maambukizi, ambayo mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki mbili za kwanza. Tiba yake ni antibaiotiki inayodungwa ndani ya jicho, na saa zina maana. Vimulimuli kama vya kamera, nzi weusi wengi wanaozuka ghafla, au pazia linaloteremka upande mmoja ni dalili za retina kuchanika au kubanduka, na hizo zinaweza kuja hata miezi baadaye.

Moja hukosewa sana: jicho kuuma vibaya pamoja na kichwa, kichefuchefu na kutapika, usiku wa kwanza au siku inayofuata. Nyumbani watu husema ni malaria, wanakimbilia dawa ya malaria. Inaweza kuwa presha ya jicho imepanda, na inashushwa kwa dawa ikiwahiwa.

Atakayeanguka, au kupigwa jichoni na mjukuu aliyembeba, naye aende kuonwa hata kama haumwi. Wajukuu wa umri wa kunyonya wana vidole vyepesi, na mara nyingi bibi ndiye anayelala nao. Kwa wiki hizo mbili walale na mtu mwingine.

Usiku mgonjwa avae ngao ya plastiki aliyopewa, ibandikwe kwa plasta, kwa wiki moja au zaidi, na asilalie upande uliopasuliwa. Mkono uliolala hausikii makatazo. Ngao ikipotea, hata karatasi ngumu safi iliyokatwa na kukunjwa ikawa na umbo la koni hufaa kwa dharura, mradi ikalie mfupa bila kugusa jicho. Mchana miwani ya jua haiponyeshi, ila hukinga vumbi, na kwa anayesafiri kwa bodaboda kurudi kijijini ni ya lazima. Basi kwenye barabara ya makorongo halina tatizo. Wagonjwa wa kambi za macho husafiri hivyo kila siku. Moshi wa kuni ni wa kukwepa wiki mbili tatu, si kwa sababu unaingia kidondani bali kwa sababu hakuna anayeweza kukaa jikoni penye moshi bila kujisugua. Zizini pia asiingie.

Dawa za kisukari na za presha ya damu ziendelee kama kawaida. Kuna wanaoziacha kwa kudhani zitagongana na za macho, na sukari ikipanda kidonda huchelewa kupona na vijidudu hupata nafasi.

Miwani, na ukungu unaorudi

Lenzi iliyowekwa, kwa wengi wetu, ni ya kuona mbali. Haijipindi kama ya ujanani, kwa hiyo kusoma na kutunga uzi kwenye sindano kutahitaji miwani, na hilo halimaanishi upasuaji umeshindwa. Usikimbilie kupima wiki ya kwanza. Kidonda kinapojishika, umbo la konea hubadilika kidogo kidogo, na namba ya leo huenda isiwe namba ya mwezi ujao. Wiki nne hadi sita zinatosha kwa wengi, na aliyepasuliwa kwa kidonda kipana anaweza kuambiwa asubiri nane. Katikati ya kipindi hicho jicho moja linaona vizuri na jingine halioni, hivyo kukadiria kina cha ngazi kunakuwa kugumu. Mshike mzee mkono kwenye ngazi. Jicho la pili likipasuliwa, lipewe chupa mpya ya dawa.

Halafu kuna wanaorudi baada ya mwaka mmoja au mitatu wakilalamika kwamba mtoto wa jicho ameota tena. Hawezi kuota tena, kwa kuwa lenzi yenyewe haipo. Kilichopata ukungu ni ukuta wa nyuma wa kile kifuko kilichoachwa kushikilia lenzi bandia, ambamo chembechembe zilizobaki zimetambaa na kutanda. Tiba yake ni leza. Mgonjwa anakaa mbele ya mashine, kidevu kimeegemezwa, na daktari anatoboa kitundu katikati ya ukungu kwa miale isiyogusa kitu kingine. Hakuna kisu wala bandeji, kazi yenyewe huchukua dakika chache, na wengi huona tofauti kufikia kesho yake. Mashine hizo hazipo katika kila wilaya, kwa hiyo anayeona ukungu umerudi aombe barua ya rufaa kwenda hospitali yenye kitengo kamili cha macho.